Kikao cha Watafiti wa Nchi Nne: Tufuate Saa ya Nani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mtafiti msaidizi katika mradi wa maji ya chini ya ardhi, na kila Jumanne saa kumi na mbili jioni tunakutana kwa video na wenzetu wa Ujerumani na California. Tarehe 10 Machi 2026 nilirudi kutoka kupima visima Makutupora, nikanawa vumbi, nikafungua kompyuta dakika tano kabla ya wakati, nikakuta watu wanaagana. Kiongozi wetu aliyeko California anasema kikao kilianza saa ile ile ya siku zote. Nilikosea wapi? Zaidi ya hayo, anajiunga nasi mwenzetu wa Japani, na mimi ndiye niliyeagizwa kupendekeza saa mpya.
Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, hukukosea kusoma saa, wala kiongozi wako hakusema uongo. Kwake kikao kilibaki saa moja asubuhi kama kilivyokuwa Januari, ila saa yenyewe ndiyo iliyosogezwa. Sehemu kubwa ya Marekani hupeleka saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, ambayo mwaka huu ilikuwa tarehe 8, ilhali Ujerumani husubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, yaani tarehe 29. Sisi hatusogezi kamwe, kwa kuwa Tanzania hukaa saa tatu mbele ya UTC, yaani saa za kimataifa, mwaka mzima. Hivyo tangu tarehe 8 Machi kikao chako ni saa kumi na moja jioni, na kitabaki hapo mpaka Marekani warudishe saa nyuma tarehe 1 Novemba. Ujerumani hurudisha juma moja kabla, kwa hiyo juma hilo atakayechelewa huenda akawa Mjerumani.

Ushauri wangu ni kwamba kila mwaliko uandikwe kwa UTC kwanza, kisha kila mmoja ajifanyie hesabu yake. Hesabu yetu ni nyepesi kuliko ya wote, na nashangaa haifundishwi: chukua saa ya UTC, toa tatu, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja, kwa sababu tunaongeza tatu za ukanda wetu na kupunguza sita za usomaji wetu. Saa 14:00 UTC ni saa kumi na moja jioni. Saa 06:00 UTC ni saa tatu asubuhi. Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili nyingine; likiwa sifuri au chini yake, ongeza kumi na mbili. Katika kalenda ya simu chagua Nairobi au Dar es Salaam, maana Dodoma mara nyingi haimo katika orodha, makao makuu au si makao makuu.

Kuhusu Japani, ambayo nayo haisogezi saa, usihangaike kutafuta saa itakayowafaa wote wanne, kwa sababu haipo. Saa 14:00 UTC, yaani wakati mnaokutana sasa, kwao ni saa tano usiku. Pendekeza zamu: Jumanne moja 14:00 UTC, Jumanne inayofuata 06:00 UTC. Katika zamu hiyo ya pili, saa za Ujerumani na California zikiwa zimesogezwa mbele, Japani ni saa tisa alasiri, Ujerumani saa mbili asubuhi, wewe saa tatu asubuhi kabla jua la Makutupora halijawa kali, na California ni saa tano usiku, lakini wa Jumatatu. Jina la siku liandikwe wazi kwa upande wao, la sivyo kiongozi wako atafungua kompyuta wakati ninyi mmekwisha kuagana tangu jana yake.