Zawadi ya Idi kwa Babu na Bibi Wasiopungukiwa na Kitu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni msomaji wako wa Tabata. Babu na bibi yangu wazaa mama wanaishi Magomeni. Babu ana miaka 84 na alikuwa karani bandarini hadi alipostaafu. Bibi ana miaka 79. Tunamshukuru Mungu kwamba hawapungukiwi na kitu, kwa kuwa watoto wao saba wanawatunza vizuri, lakini sisi wajukuu kila Idi inapokaribia tunahangaika. Mwaka jana tulichanga tukawanunulia televisheni kubwa, na hadi leo imefunikwa kitambaa cha kufuma, kwa sababu babu anasema rimoti ina vitufe vingi mno na yeye amezoea redio yake. Khanga tunazompa bibi huziweka kabatini zikiwa hazijakatwa, kisha anaendelea kujifunga zile zile zilizopauka. Binamu yangu anashauri tuache kujisumbua, tuwatumie fedha kwenye simu. Kitu pekee nilichowahi kumsikia bibi akikitamani ni kumwona mdogo wake aliyeko Morogoro, ambaye hawajaonana tangu msiba wa mwaka 2019. Tufanye nini mwaka huu?
Mjukuu, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenigusa, na naomba nianze kwa kuziondolea lawama zile khanga, maana naona umezihesabu kuwa zawadi zilizokataliwa. Marehemu mama yangu alituachia sanduku la mbao lenye doti 11 mpya, na kila doti ilikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini, kimeandikwa jina: hii ya fulani akijifungua, hii ya mtoto wa fulani siku ya harusi yake, hizi mbili za wanawake watakaoniosha. Tulizigawa kama alivyoandika, na aliyepata doti ya uzazi alikuwa bado hajaolewa wakati mama anaiandikia. Bibi wa Pwani haweki doti kabatini kwa sababu haipendi, bali kwa sababu ana watu wa kuwatunza, na anajua kwamba harusi na msiba havimpi mtu nafasi ya kwenda kwanza Mtaa wa Uhuru kuchagua. Kwa hiyo khanga zenu zina kazi, na mkiendelea kumpa hamjakosea. Chagueni tu jina la khanga kwa makini, kwa kuwa atakayeipokea kwake ataisoma kama maneno ya bibi mwenyewe.

Lipo pia jambo la mikono yake. Khanga mpya huuzwa doti nzima ikiwa imeungana, na ni ngumu kwa sababu ya wanga uliowekwa kiwandani. Mpaka ikatwe, ipindwe na ifuliwe mara kadhaa ndipo inapolainika na kukaa vizuri mwilini. Mtu wa miaka 79 ambaye macho hayamruhusu kutunga uzi kwenye sindano, na vidole vinamuuma, atajifunga iliyopauka kwa sababu hiyo ndiyo iliyo tayari. Mwombe akuchagulie doti mbili tatu anazozitaka kwa matumizi yake mwenyewe, uzipeleke kwa fundi cherehani zikatwe na kupindwa, uzifue kwa maji matupu, uzianike, uzikunje, kisha umrudishie. Ni kazi ya fedha kidogo sana, na nina hakika siku ya Idi utamkuta amejifunga mojawapo.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja mwishoni mwa barua kana kwamba ni jambo dogo. Bibi ana mdogo wake Morogoro. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari ile imekuwa ya takriban saa mbili, bila foleni ya Kimara na Kibaha wala kukaa juani stendi, na mzee anayeogopa basi anaweza kuimudu. Msimpeleke siku ya Idi yenyewe, kwa kuwa siku za sikukuu tiketi huisha mapema na abiria ni wengi. Mpelekeni wiki ya pili yake, katikati ya wiki. Kateni tiketi ya mtu wa kumsindikiza pia, hakikisheni amebeba kitambulisho chake na dawa za siku mbili zaidi ya zile za safari, na mpate mtu wa kumpokea kwa gari stesheni. Msimpangie kurudi siku hiyo hiyo. Ndugu wawili wazee ambao hawajaonana kwa miaka yote hiyo watahitaji usiku mmoja wa kukesha wakizungumza na asubuhi ya kunywa chai pamoja, na huyo anayemsindikiza awe na adabu ya kwenda kukaa nje. Fedha mliyoinunulia ile televisheni ingetosha safari hii na chenji ikabaki.

Kuhusu babu, naona mmempa kitu cha kutazama, ilhali yeye ni mtu wa kusikiliza. Mwacheni na redio yake. Kama mnataka kuigusa, mnunulieni betri nzuri. Mwenye miaka 84 leo alikuwa kijana wa miaka 20 hivi Tanganyika ilipopata uhuru, na hapo ndipo zawadi yake ilipo: akae, aulizwe, na sauti yake ihifadhiwe. Usimwambie akusimulie maisha yake, maana swali kubwa namna hiyo humfunga mtu mdomo. Mwulize alikuwa wapi usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera mpya ilipopandishwa, na alikuwa amesimama na nani. Mwulize ni nani aliyemfundisha kazi siku ya kwanza bandarini, mshahara wake wa kwanza aliununulia nini, na Magomeni ilikuwaje alipojenga. Fanya hivyo asubuhi baada ya chai, dakika 20 hivi, kisha mwache apumzike. Zima feni, kwa sababu mvumo wake humeza sauti yote, na iweke simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu naye, si mkononi mwako. Hifadhi nakala kwenye simu mbili na kwenye flashi, na uwape mama na wajomba zako.

Wakati huo huo teremsheni zile picha za ukutani. Joto na unyevu wa mji wetu hugandisha picha kwenye kioo, na ukiivuta utabaki na nusu ya uso wa mtu. Iliyoganda ipigeni picha ikiwa na kioo chake, mkikaa upande ambao mwanga wa dirisha haurudi machoni. Inayotoka kwa hiari igeuzeni, na babu ataje walio ndani yake, ninyi mwandike majina nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya hadi mbele.

Binamu yako naye hajakosea kabisa, ila fedha ipewe sura nyingine. Mzee aliyezoea kuwa mtoaji huumia kimya anapogeuka kuwa mpokeaji wa kila siku. Nendeni benki mapema, kabla watu hawajajaa, mkaombe noti mpya za shilingi 1,000 na 2,000, mzitie kwenye bahasha na kumkabidhi babu usiku wa kuamkia Idi, watoto wakiwa wamelala. Asubuhi vitukuu na watoto wa jirani watakapopanga mstari barazani kuomba mkono wa Idi, yeye ndiye atakayetoa.

Vitu vya mwili, kama kupimwa macho, bomba la kushikia bafuni au mkongojo, ni vya lazima na msivicheleweshe, lakini visiwe zawadi ya sikukuu. Mtu hafunguliwi mkongojo mbele ya wakwe. Vitengenezwe siku ya kawaida, kwa faragha, na mama yako ndiye azungumze nao.

Anza na zile doti, mwanangu, na uanze wiki hii. Likishaingia kumi la mwisho la Ramadhani, mafundi wengi huwa wamejaa nguo za watoto na hawapokei tena kazi mpya.