Mama aliugua polio utotoni, sasa nguvu zinamwishia: jibu langu

Dada, umeandika kwamba mama yako wa Masasi alipooza mguu akiwa mdogo, akalima miaka yote, na sasa anaishiwa nguvu. Jirani kamwambia polio imerudi kwa sababu kinga imekwisha. Hapana, haijarudi.

Mimi niko Newala, nina miaka 53, polio ilinipata nikiwa na mitatu. Mguu wa kushoto ulisinyaa, nikazoea gongo. Kisha msimu mmoja wa korosho nimekaa chini ya mkorosho, nanyofoa korosho kwenye bibo kama siku zote, kidole gumba cha kulia kikagoma. Hakikuuma, kiliishiwa nguvu tu. Na mkono ule niliuhesabu mzima!

Kituo nilichoanzia waliniambia nifanye mazoezi makali. Wiki mbili baadaye nilishindwa kuinua ndoo. Daktari wa mishipa ya fahamu, Dar, ndiye aliyenifungua macho. Polio huua seli za uti wa mgongo zinazoendesha misuli. Zinazosalia huota matawi mapya na kuilea misuli iliyoachwa, hata ya kiungo kinachoonekana kizima. Zikibeba mzigo huo miaka mingi huchoka, matawi yakanyauka. Ndiyo sindromu ya baada ya polio. Mara nyingi huanza miaka 15 hadi 40 baada ya kuugua, na haiambukizi.

Sasa hiyo kinga. Watafiti wa Sweden walipima maji ya uti wa mgongo ya watu kama sisi, wakakuta saitokini zimezidi, yaani kemikali ambazo mwili hutoa unapopambana na ugonjwa. Kwa hiyo kinga ipo kazini, tena kupita kiasi. Wamejaribu kutuliza hali hiyo kwa dripu za kingamwili, matokeo yakapishana, haijawa tiba ya kawaida. Tafadhali mama asiuziwe chupa za "kuongeza kinga". Mimi nilizinunua, hela ya gunia zima la korosho ikapotea bure.

Kinachonisaidia ni kupumzika kabla sijachoka, siyo baada. Kazi naigawa: asubuhi kidogo, jioni kidogo. Juni na Julai ukungu ukishuka huku juu mguu unakuwa wa bluu, basi navaa soksi mbili na kulala na chupa ya maji moto iliyofungwa kanga.

Akifanyiwa upasuaji wowote, mwambieni mtoa usingizi kwamba aliugua polio, maana dawa hizo zinaweza kumlemea. Na akianza kupaliwa na chakula au kukosa pumzi akilala, msingoje, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.