Mtoto wa miaka 14 anashinda na watu wa silaha, nifanye nini? (jibu)

Mama uliyeuliza juu ya mtoto wa dada yako kule Masisi, mashariki ya Kongo, mwenye miaka 14, anayeshinda pale barieri (kizuizi cha njiani) na wale vijana wa bunduki. Mie kwetu tulikuwa familia ya mapokezi, watoto wakitoka porini kwenye vikundi vya silaha wanaletwa wanakaa na sisi mpaka wazazi wapatikane, kwa hiyo naandika niliyoyaona.

Usingoje eti ajiunge, hapo barieri ndo ameshaanza. Wanamtuma maji, sigara, vocha, anapewa franka kidogo, kesho anabeba masanduku ya risasi, halafu anapakwa dawa anaambiwa risasi zitageuka maji. Watu wanadhani wote wanakamatwa kwa nguvu, wapo wa hivyo, wanachukuliwa njiani wakienda shamba, lakini wengi wa kwetu walienda kwa miguu yao, huyu baba aliuawa, yule alifukuzwa shule sababu ya minervali (karo). Primeri ni bure tangu 2019 sawa, na sekondari je?

Kama kuna ndugu sehemu yenye utulivu mpelekeni kwanza, na msimfokee mbele ya wale watu. Kwa komanda wa wale vijana dada yako asiende peke yake, aende na pasta ao chifu, na abebe kadi ya ubatizo ao ya chanjo maana cheti cha kuzaliwa wengi hawana na wale wa bunduki watasema ana 18. Sheria ya Kongo ya 2009 inakataza kabisa kuingiza mtoto wa chini ya 18 kwenye silaha, na wakubwa wa waasi walifungwa na mahakama ya kimataifa ya ICC, Lubanga alihukumiwa miaka 14 mwaka 2012, Ntaganda 30 mwaka 2019, wote wawili kutumia watoto vitani kulikuwa kwenye mashtaka yao, makamanda wanayajua hayo majina vizuri tu. Ila waongee kwa upole, si kutishia.

Watu wa kutoa watoto kwenye vikundi wakija kumchukua akiwa ameshaingia, lazima apewe karatasi ya kutoka, ya kuonyesha ameacha kikundi. Kuna mmoja wetu alikuwa anaikunja kwenye nailoni, analala nayo ndani ya soksi, maana bila hiyo wanajeshi wanamuita muasi. Na wasichana jamani, wengi wanatoroka wanarudi kimya bila karatasi yoyote, wanaogopa kuitwa bibi ya waasi, msaada wote unawapita.

Huyo wako bado analala nyumbani? Kama ndiyo mpigie dada yako leo hii, ya minervali mtaongea akishatoka pale.