Nyonga za mtoto mchanga: kipimo cha kwanza hakitoshi

Binti yetu alikaa tumboni akiwa ametanguliza matako hadi mwisho. Alipozaliwa, daktari alimkunja magoti, akamsukuma mapaja kwa nyuma taratibu, kisha akayapanua huku kidole chake kikiwa juu ya nyonga, akisikilizia kama mfupa unachomoka au unarudi mahali pake. Akasema yuko sawa. Hata hivyo alituandikia ultrasaundi ya wiki ya sita, na hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba kikombe cha nyonga ya kushoto, yaani tundu linaloshika kichwa cha mfupa wa paja, hakina kina cha kutosha.

Kwa hiyo kama mtoto wako alitanguliza matako, au mzazi au ndugu yake aliwahi kuwa na tatizo la nyonga, omba ultrasaundi hata mkono wa daktari usipogundua kitu. Wazazi wa watoto wa kike wawe macho zaidi. Mara tu baada ya kuzaliwa viungo huwa vimelegea, na vingi hukaza vyenyewe, ndiyo maana husubiriwa wiki kadhaa. Eksirei haisaidii sana kabla ya miezi minne hivi, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja bado ni gegedu, yaani tishu laini isiyoonekana vizuri kwenye eksirei.

Tulipewa mikanda ya Pavlik, inayoshikilia miguu ikiwa imekunjwa na kupanuka kama ya chura. Huvaliwa usiku na mchana kwa wiki nyingi. Wanaolia zaidi ni wazazi. Mtoto huzoea upesi. Nepi inapitishwa chini ya matako, bila kumwinua kwa vifundo vya miguu. Kagua ngozi nyuma ya magoti kila siku. Mikanda usiirekebishe mwenyewe, na akiacha kurusha mguu au kunyoosha goti, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Ukimfunga kwa nguo alale, acha miguu icheze. Kuibana ikiwa imenyooka huidhuru nyonga.

Mikanda ikitoka, wengi huacha kwenda kliniki. Sisi bado tunarudi kupiga eksirei, maana kikombe kinaendelea kukua. Nyumbani naangalia wakati wa nepi: je, paja moja linagoma kupanuka kama mwenzake? Magoti yakikunjwa, moja liko chini? Akianza kutembea, anachechemea? Mikunjo ya mapaja isiyolingana peke yake hata watoto wasio na tatizo wanayo. Na usisubiri alie, kwani katika umri huu nyonga iliyoteguka kwa kawaida haimuumi.