Maswali ya Wasomaji: Tutajuaje kama vishikwambi vinafundisha?

Shule yetu ya msingi ina vishikwambi (tableti) 40. Mwalimu mkuu anataka ripoti inayoonyesha kama vimesaidia Hisabati Darasa la Tano. Nafundisha mkondo A na B. Nianzie wapi? *Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, idadi ya vifaa na saa vilizowashwa ziache mwisho wa ripoti, maana hazisemi mtoto amejua nini. Kwa kuwa mikondo yote miwili ni yako, una nafasi ambayo wengi hawana: kubadilishana.

Chagua mada mbili zisizotegemeana, mfano sehemu, kisha mzingo na eneo. Usichukue sehemu na desimali, kwa sababu aliyeelewa ya kwanza anaingia kwenye ya pili akiwa na mtaji. Mada ya kwanza, mkondo A watumie vishikwambi na B wasome kwa ubao na vifaa vya kuhesabia. Mada ya pili, geuza. Kabla ya kila mada wape wote jaribio moja la maswali 15, kwenye karatasi, bila majibu ya kuchagua. Rudia jaribio hilo mada ikiisha, ukibadilisha tarakimu tu, na mara nyingine baada ya wiki tatu, kwa sababu msisimko wa kitu kipya hupandisha alama ambazo baadaye hushuka.

Linganisha ongezeko la kila mtoto, si wastani wa mwisho peke yake. Mkondo A ukiongoza katika mada zote mbili, huenda ni mkondo wenye nguvu tu. Ongezeko likihama pamoja na vishikwambi, hapo una la kuandika. Tofauti ya alama moja kati ya 15 isikufanye utangaze ushindi. Angalia pia ratiba: mkondo unaosoma asubuhi na ule wa baada ya chakula cha mchana hawako sawa, hata ungefundisha vilevile.

Halafu mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa kwa kipindi kizima. Kila dakika 2 aweke alama moja: K, wengi wanafanya kazi ya somo, S, wanasubiri, M, wanafanya mengine. Kipindi cha dakika 40 kinatoa alama 20. Zikiwa na S sita, dakika 12 zimeliwa na kuwasha, nywila na kutafuta faili. Dawa yake ni ya kabla ya kipindi: faili ziwe tayari ndani ya kifaa, kila kishikwambi kiwe na namba yake, na mtoto aijue ya kwake. Watoto wakiwa watatu kwa kifaa kimoja, mwenzako aandike pia ni mikono ya nani iliyogusa kioo. Mara nyingi ni ya mmoja, na mara nyingi ni yule ambaye angefaulu bila kishikwambi.

Programu inasema darasa limemaliza mazoezi kwa asilimia 90, lakini kwenye daftari wanakosa. Nani mwongo? *Mwalimu, Mombasa*

Programu inasema kweli kuhusu kitu kingine. Kumaliza si kupata. Swali lenye majibu manne ya kuchagua humpa anayebahatisha wastani wa 5 kati ya 20, na programu ikiruhusu kujaribu tena na tena, atafika mwisho tu. Fungua ripoti ya mtoto mmoja mmoja, uhesabu majibu ya jaribio la kwanza pekee. Ukiona swali la hatua tatu limejibiwa kwa sekunde 3, mtoto hajalisoma. Tangu kesho, kila swali la tano wakokotoe kwenye daftari, nawe usahihishe njia.

Kamati ya shule inataka kununua vifaa zaidi. Ushahidi upo? *Mwalimu mkuu, Kisumu*

Upo, tena mmoja ni wa kwenu. Watafiti walijaribu Kisumu njia tatu: vifaa vya kielektroniki vya kusomea vitabu kwa wanafunzi, tableti kwa walimu, na tableti kwa maofisa wanaowatembelea walimu. Zote ziliwekwa juu ya mpango uleule wa kusoma wenye vitabu na mafunzo, na matokeo yalikaribiana. Kwa hiyo bei ndiyo iamue, na njia ya maofisa inahitaji vifaa vichache zaidi.

Peru iligawa kompyuta mpakato kwa shule za msingi za vijijini. Utafiti wa shule 319 uliotolewa mwaka 2012 haukukuta ongezeko la alama za Hisabati wala lugha. Delhi, India, programu ya Mindspark, inayompa mtoto maswali ya kiwango chake halisi, ilipandisha alama za Hisabati na Kihindi ndani ya miezi minne na nusu. Lakini pale dakika 45 za programu zilifuatwa na dakika 45 za mwalimu na kikundi kidogo. Kamati iulize kwanza fedha ya nusu hiyo ya pili inatoka wapi.

Betri moja ya sola ya volti 12, Ah 100, itachaji vishikwambi 40? *Mwalimu, Tabora*

Haitoshi. Kishikwambi chenye betri ya mAh 5,000 kinabeba kama Wh 18.5 (wati-saa, kipimo cha nishati). 40 ni Wh 740, na ukiongeza kinachopotea kwenye inveta na chaja unakaribia Wh 1,000. Betri yako ina Wh 1,200, ila ya asidi ukiishusha chini ya nusu inakufa mapema, hivyo unazo 600 tu. Chaji 20 kwa siku, tena saa za jua kali ili paneli ndiyo ifanye kazi. Vitakavyokuta kipindi bila chaji, viandike kwenye ripoti kana kwamba shule haina.