Vita vya Iran na Iraq havikuwa vya madhehebu tu

Ndugu, umeuliza kama vita vya Iran na Iraq vilikuwa ugomvi wa Wasuni na Washia tu. Hapana. Askari wengi wa kawaida wa Iraq walikuwa Washia, kama Wairani wengi, na bado walipigana nao miaka 8.

Anzia kwenye mto wa Shatt al-Arab, ulio mpakani mwa nchi hizo mbili. Machi 1975, mjini Algiers, Saddam Hussein, wakati huo makamu wa rais wa Iraq, alikubaliana na Shah, mfalme wa Iran, kwamba mpaka upite katikati, penye kina kirefu, badala ya kufuata ukingo wa Iran kwa sehemu kubwa. Naye Shah akaacha kuwasaidia Wakurdi wa Iraq waliokuwa wakipigana na serikali ya Baghdad. Uasi wao ukasambaratika ndani ya wiki chache. Usaliti ule unaniuma kila nikiusoma.

Mapinduzi ya 1979 yalipomng'oa Shah, Saddam aliona jirani kadhoofika, tena aliogopa wito wa Khomeini, kiongozi wa mapinduzi hayo, kwa Washia wa Iraq. Septemba 17, 1980, sasa akiwa rais, akatangaza kwamba mkataba ule wa Algiers umekufa. Siku 5 baadaye majeshi yake yakaivamia Iran.

Mamia ya maelfu ya watu walikufa hadi mapigano yaliposimama Agosti 1988. Kisha Agosti 1990, akiwa ameshaivamia Kuwait na anataka utulivu upande wa Iran, Saddam huyohuyo akaukubali tena mkataba wa 1975.