Anza na mkoma

Ndugu unayeuliza mti wa jamii ya mitende kwa uwanja wako wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, wenye mchanga na maji ya shida: anza na mkoma. Ni wa huko huko, umejaa kandokando ya mto Turkwel. Ila usiuoteshe kwenye kopo, tafadhali! Mbegu yake huzamisha chipukizi chini sana kabla jani halijatokeza, na ukiuhamisha mzizi unakatika. Fukia mbegu pale pale mti utakapokaa. Unakua polepole mno.

Mtende pia unafaa, lakini mizizi yake inataka maji. Chukua machipukizi ya shinani kwenye mti unaozaa. Ukipanda kokwa, karibu nusu ya miche itakuwa midume isiyozaa tende. Ukishashika, mwagilia mara chache, maji yazame kabisa.